Mizani ya Mweiga, Hesabu ya Brussels

Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mjini Kisumu majaribio ya mpango wa Afya kwa Wote. Kaunti nne ziliteuliwa kuanza, na kila moja iliingia kwenye orodha kwa sababu ya mzigo wake. Kisumu ilielemewa na maradhi ya kuambukiza, Machakos na majeruhi wa barabarani, Isiolo na ugumu wa kuwafikia wafugaji wanaohamahama. Nyeri iliteuliwa kwa maradhi yasiyoambukizwa, kisukari na presha vikiwa mbele. Wenyeji hawakushangaa sana. Wengi tayari walikuwa na mzee nyumbani anayemeza vidonge vya presha kila asubuhi.

Mwenye kushangaa angekuwa daktari wa serikali ya kikoloni, kama angefufuka. Miaka tisini hivi kabla ya uzinduzi ule, wataalamu wa Uingereza waliwapandisha Wakikuyu kwenye mizani wakitafuta kwa nini miili yao ilikuwa midogo na minyonge. Sasa mizani imerudi nchi ile ile, imegeuza swali, na imekuja na kanuni ambayo wataalamu wale hawakuitumia.

Mweiga ni mahali pazuri pa kuifuatia kanuni hiyo. Ni mji mdogo wa Kieni Magharibi, kwenye barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nyahururu. Upande wa machweo kuna msitu wa Nyandarua na makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare. Upande wa kaskazini ardhi inakauka taratibu hadi kuwa mbuga za Laikipia. Wakati wa ukoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi, na Waafrika waliishi humo kama maskwota na vibarua. Baada ya uhuru mashamba mengi yalikatwa vipande. Leo ni nchi ya viazi, kabeji, mahindi na maziwa, na ya baridi kali mwezi Julai.

Mtu akifika kliniki ya presha au ya kisukari, hupandishwa kwenye mizani kabla hajamwona daktari. Kisha husimamishwa ukutani apimwe kimo. Nambari moja huandikwa kwenye kadi yake, nayo huitwa BMI na muuguzi na mgonjwa sawia.

Hesabu yake haimshindi mtoto wa shule ya msingi. Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa kimo kwa mita, kisha jibu uligawanye tena kwa kimo kile kile. Mama muuza viazi mwenye kilo 68 na kimo cha mita 1.57 atapata 43.3 katika mgawanyo wa kwanza na 27.6 katika wa pili. Chini ya 18.5 mtu huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Kuanzia 18.5 hadi karibu na 25 ni kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi, na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Mama wetu amezidi. Ila kama alipimwa asubuhi ya Julai akiwa na sweta mbili, koti zito na gambuti, kilo mbili na nusu za mavazi zimemwongezea nambari nzima asiyostahili, na hilo si kosa la kanuni.

Kanuni ina makosa yake yenyewe, na yalianza zamani.

Adolphe Quetelet alizaliwa Ghent mwaka 1796. Hakuwa daktari. Alikuwa mwanahisabati na mwanafalaki aliyeongoza kituo cha kutazama nyota cha Brussels, na katika kazi hiyo alizoea kuchukua vipimo vingi vyenye hitilafu ndogondogo na kutafuta wastani ulio karibu na ukweli. Akajiuliza kama mbinu hiyo ingeweza kutumika kwa binadamu. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1835 alikusanya takwimu za vimo, uzito, vifo, ndoa na uhalifu, akachora picha ya mtu wa wastani, ambaye kwake ndiye aliyekuwa kipimo cha jamii. Humo ndimo alimoandika kwamba uzito wa watu wazima haukui kama mtu angetarajia.

Tarajio la kawaida ni hili. Kitu kikirefuka mara mbili huku kikipanuka mara mbili kila upande, uzito wake huongezeka mara nane, yaani kwa mchemraba wa urefu. Watu hawako hivyo. Mrefu si mfupi aliyekuzwa kwa kiwango kimoja kila upande. Aghalabu ni mwembamba zaidi kwa umbo. Quetelet aliona kwamba uzito wa watu wazima ulikaribia kufuata mraba wa kimo. Alikuwa anaeleza umbo la umma mzima. Hakutaja unene kama ugonjwa, wala hakuwa na mgonjwa mbele yake.

Mraba wenyewe ni makadirio. Mwaka 2013 mwanahisabati Nick Trefethen wa Oxford alipendekeza kimo kipandishwe kwa kipeo cha 2.5 badala ya 2, kisha jibu lizidishwe kwa 1.3, kwa hoja kwamba kanuni ya zamani inawaambia wafupi kuwa ni wembamba kuliko walivyo na warefu kuwa ni wanene kuliko walivyo. Mwanamke wa mita 1.50 na kilo 60 ana 26.7 kwa Quetelet na 28.3 kwa Trefethen. Mwili ni ule ule, hesabu ndiyo imebadilika.

Quetelet alifariki mwaka 1874, miaka kadhaa kabla ya wakoloni kukalia milima ya Kenya. Waliofika huko hawakuwa na haja ya mraba wa kimo. Walitaka kujua nani anaweza kubeba mzigo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia serikali iliwakusanya vijana kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, kundi ambalo jina lake limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwaka 1917 msako ulipozidi, madaktari waliwakataa wengi kutoka nchi ya Wakikuyu kwa udhaifu wa mwili, na kati ya waliokubaliwa wengi walikufa kwa kuhara na kwa chakula kibaya. Serikali ilianza kuuliza kuhusu miili ya Waafrika pale miili hiyo iliposhindwa kazi.

Swali hilo lilikabidhiwa watu wawili. John Langton Gilks aliongoza idara ya tiba ya koloni ya Kenya. John Boyd Orr, Mskoti, aliongoza Taasisi ya Rowett mjini Aberdeen, na shauku yake ilikuwa lishe: madini katika nyasi wanazokula ng'ombe, na maziwa wanayokunywa watoto. Ni mtu yule yule aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la FAO mwaka 1945 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Mwishoni mwa miaka ya 1920 utafiti wao ulilinganisha majirani wawili: Wakikuyu waliokula nafaka, viazi vitamu, mihogo na kunde, na Wamasai waliokula maziwa, nyama na damu. Ripoti ilichapishwa London mwaka 1931.

Matokeo yake yalirudiwa katika vitabu vya lishe kwa miongo. Mwanamume wa Kimasai aliyekomaa alimzidi wa Kikuyu kwa inchi tano za kimo na ratili 23 za uzito, na nguvu ya mkono iliyopimwa kwa mashine ilikuwa kubwa kwa nusu nzima. Wakikuyu walionekana na meno mabovu, upungufu wa damu, mifupa iliyopinda na vidonda visivyopona. Wamasai nao walikuwa na maradhi yao ya matumbo na viungo. Hitimisho lilielekea maziwa na nyama, sawa kabisa na imani aliyokuja nayo Orr kutoka Scotland.

Kanuni ya Quetelet ingetoa hukumu gani kwa vipimo hivyo? Hakuna aliyeitumia wakati huo, lakini zoezi ni rahisi. Tuchukue mfano wa kubuni wa Mkikuyu wa sentimita 163 na kilo 52. BMI yake ni 19.6. Mwongezee inchi tano na ratili 23, takriban sentimita 12.7 na kilo 10.4, apate kuwa Mmasai wa ripoti. Sasa ana sentimita 175.7 na kilo 62.4, na BMI yake ni 20.2. Wote wawili ni wa kawaida, na kati yao hakuna hata nambari moja kamili. Tofauti iliyozaa ripoti nzima imeyeyuka ndani ya mgawanyo.

Haikuyeyuka kwa bahati. Kanuni iliundwa ili kimo kisisumbue ulinganisho, kwa hiyo mtu aliyedumaa utotoni kwa njaa akakua mfupi, na uzito wake ukalingana na ufupi huo, atapita bila kugunduliwa. BMI huona wembamba wa leo. Haioni njaa ya miaka ishirini iliyopita. Kwa wanawake picha ilikuwa nyingine: Wamasai waliwazidi Wakikuyu kwa inchi tatu tu, lakini kwa ratili 27, na hapo hesabu ile ile ingetoa pengo la karibu nambari tatu. Orr na Gilks wenyewe waliona kuwa wanawake wa Kikuyu hawakula sawa na waume zao. Walikula mboga za majani zaidi, na afya yao katika mambo kadhaa ilikuwa bora.

Wanahistoria waliorudia ripoti hiyo baadaye, Cynthia Brantley akiwa mmoja wao, wamekosoa kilichoachwa nje. Waliopimwa hawakuwa Wakikuyu wa enzi ya ng'ombe na mbuzi wengi. Walikuwa watu waliokwisha kunyang'anywa ardhi, wenye vijana walioitwa kwenye vibarua vya walowezi na mashamba yaliyobanwa. Tena ufupi haukuwa wa sahani peke yake, kwa kuwa Wamasai na Wakikuyu hawana umbo moja la mifupa. Ripoti ilipima miili kwa uangalifu mkubwa, ikaacha kumpima mkoloni aliyeifanya iwe hivyo. Mwandishi wa leo anaweza kusema hivyo kwa wepesi. Mwaka 1931 afisa wa serikali asingeweza.

Miaka ya 1950 ilileta somo jingine, kali zaidi. Juni 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali iliamua kuwahamisha watu wa nchi ya Wakikuyu kwa nguvu na kuwakusanya katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge na mahandaki. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa katika vijiji 854, na Nyeri ilikuwa kati ya maeneo yaliyobanwa zaidi kwa kuwa msitu wa Nyandarua na wa Mlima Kenya ulikuwa maficho ya wapiganaji. Wanawake walishinda kwenye kazi za lazima, na muda wa kwenda shambani ulipangwa kwa saa. Njaa iliwashika watoto kwanza.

Ugonjwa uliowapata wengi wao, kwashiorkor, ulikuwa umeelezwa na Dkt. Cicely Williams huko Gold Coast mwaka 1933. Katika Afrika Mashariki aliyeufuatilia zaidi ni Hugh Trowell, daktari aliyefika Kenya mwaka 1929, akahamia Mulago nchini Uganda, na mwaka 1954 akachapisha na wenzake kitabu kizima kuhusu ugonjwa huo. Mtoto wa kwashiorkor huvimba miguu na uso. Maji hujaa chini ya ngozi, na mizani huyahesabu kama nyama. Akianza kupona kwa maziwa na chakula, uvimbe hutoka na uzito wake hushuka kwanza. Muuguzi anayeamini mizani peke yake ataandika kuwa mtoto anazidi kudhoofika siku ile ile anayoanza kupona. Jambo hilo hilo humpata mzee wa leo mwenye moyo au figo zilizochoka: miguu imevimba, kilo zimepanda, BMI imepanda, na mafuta hayajaongezeka hata kidogo.

Trowell aliishi kuona mageuzi. Alipoanza kazi, presha na unene vilikuwa nadra kwa Waafrika aliowatibu. Daktari mwingine, C. P. Donnison, aliyewapima presha wanaume 1,000 magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 1929, hakuona presha ikipanda na umri kama ilivyokuwa Ulaya. Mwaka 1981 Trowell na Denis Burkitt walihariri kitabu kuhusu maradhi yanayofuata maisha ya Kimagharibi. Katika muda wa kazi ya mtu mmoja, tatizo lilikuwa limegeuka upande.

Wakati huo huo Marekani ilikuwa ikishughulika na mizani kwa sababu ya fedha. Kampuni za bima ya maisha ziligundua kwamba wateja wanene walikufa mapema, na Metropolitan Life ilichapisha majedwali ya uzito unaofaa kwa kila kimo mapema miaka ya 1940 na tena mwaka 1959. Majedwali hayo yaligawa watu kwa ukubwa wa mifupa, ambao hakuna aliyekubaliana namna ya kuupima. Mwanafiziolojia Ancel Keys hakuyapenda hata chembe. Huyu ndiye aliyekuwa ameongoza jaribio la njaa huko Minnesota mwaka 1944 na 1945, ambapo wanaume 36 walijitolea kushindishwa na njaa kwa miezi ili ijulikane namna ya kuiokoa Ulaya baada ya vita.

Mwaka 1972 Keys na wenzake walichukua vipimo vya wanaume 7,424 katika makundi 12 kutoka Marekani, Ufini, Italia, Japani na Afrika Kusini. Walilinganisha kanuni mbalimbali za uzito na kimo na unene wa mafuta chini ya ngozi. Kanuni ya Quetelet haikushinda kwa mbali, ila ilikuwa nyepesi na haikuwa mbaya kuliko nyingine. Wakaipa jina linalotumika leo. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja katika hesabu hiyo, na Afrika Mashariki haikuwakilishwa kabisa. Mtu anayepimwa zaidi kwa kanuni hii huko Mweiga, mama wa makamo, ndiye hasa aliyekosekana.

Mipaka ya 18.5, 25 na 30 ilikuja baadaye. Ilikubaliwa katika kamati za Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990, na mwaka 1998 Marekani ikaachana na mipaka yake ya awali, 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake, ikashuka hadi 25. Mamilioni ya Wamarekani walilala wakiwa na uzito wa kawaida wakaamka wamezidi. Mwaka 2004 wataalamu wa shirika hilo walikubali kwamba Waasia wengi hupata kisukari mapema zaidi, wakapendekeza 23 na 27.5 ziwe alama za kuchukua hatua kwao. Kwa Waafrika hakukuwa na pendekezo la namna hiyo.

Nyeri yenyewe ina mfano wa mtu aliyeishinda kanuni hii mbio. Catherine Ndereba alizaliwa mwaka 1972 katika kijiji cha Gatunganga, akajiunga na idara ya magereza, na mwaka 2001 akaweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake mjini Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Alishinda marathoni ya Boston mara nne, ubingwa wa dunia mara mbili, na medali mbili za fedha za Olimpiki. Orodha za wanariadha zilimwandika kuwa na kimo cha mita 1.60 na kilo 45. BMI yake ilikuwa 17.6. Kwa kadi ya kliniki, mwanamke aliyekuwa na mapafu na moyo bora kuliko karibu binadamu wote walio hai alikuwa na uzito pungufu. Mbeba magunia ya viazi katika soko la Mweiga ana shida iliyo kinyume: misuli ni mizito, na kanuni haiulizi kilo zimetengenezwa kwa nini.

Wazee nao wana mtego wao. Mtu wa kilo 62 aliyekuwa na mita 1.62 ujanani ana 23.6. Uti wa mgongo ukijikunja hadi abaki na 1.58, BMI yake inapanda hadi 24.8 bila kuongeza hata gramu. Kinyume chake pia hutokea: misuli hupungua, mafuta huchukua nafasi yake, kilo hubaki pale pale, na kadi inaandika kwamba hakuna kilichobadilika.

Upande wa Laikipia, kilomita chache kutoka Mweiga, kanuni hukwama kwa namna nyingine. Jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki huwa na miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na kiwiliwili ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya uzito. Mwaka 1994 mtafiti N. G. Norgan alionyesha kuwa uwiano wa kimo cha kukaa na kimo cha kusimama hubadilisha maana ya BMI kutoka jamii moja hadi nyingine. Mfugaji wa 18 anaweza kuwa mzima na mwenye chakula. Mkulima wa 18, mwenye kiwiliwili kirefu, anaweza kuwa anaumwa. Mkaguzi wa ukame anayewaweka wote wawili kwenye jedwali moja atawahesabu wote kuwa na njaa.

Haya hayafuti nambari zinazotoka katika tafiti kubwa, maana hapo ndipo kanuni inapofanya kazi iliyotungiwa. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulionyesha mwaka 2008 na 2009 kwamba robo ya wanawake wa Kenya walikuwa na BMI ya 25 au zaidi. Mwaka 2014 walifika asilimia 33, na katika eneo la Kati na Nairobi walikaribia nusu. Mwaka 2022, kwa wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49, ilikuwa asilimia 45. Makundi ya umri hayalingani kabisa, kwa hiyo mistari hiyo haiunganiki moja kwa moja, lakini hakuna anayebisha mwelekeo. Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukizwa, wa mwaka 2015, ulikuta asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume wamezidi. Wajawazito huondolewa katika hesabu za namna hii, jambo la busara ambalo jedwali lililobandikwa ukutani halimkumbushi mtu.

Sababu zake Mweiga si siri. Githeri na njahi bado zipo, ila zimepata washindani: chapati, mandazi, chipsi, sukari katika kila kikombe cha chai ya maziwa, mafuta ya kupikia yauzwayo kwa vipimo vidogo. Bodaboda imechukua mwendo ambao miguu ilikuwa ikiufanya. Na mtu mwenye kitambi kwa muda mrefu alichukuliwa kuwa amefanikiwa, huku aliyekonda akiulizwa kama anaumwa, hasa katika miaka ambayo Ukimwi ulikuwa hauna dawa.

Kitambi ndicho BMI isichokiona. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana madhara sawa na mafuta yanayozunguka ini na utumbo, na watu wawili wa 27 wanaweza kuwa nayo mahali tofauti kabisa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari na mizani. Kati ya zana zote za mkoba huo, sukari na presha hupimwa moja kwa moja, unene hukisiwa. Januari 2025 tume ya kimataifa iliyochapisha ripoti yake katika jarida la Lancet la kisukari ilipendekeza kwamba BMI itumike kuchuja tu, na unene uthibitishwe kwa mzingo wa kiuno au kipimo kingine, kisha daktari atazame kama viungo vimeanza kudhurika.

Utepe wa kiuno nao una mipaka ya kuazima. Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliweka sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake wa Ulaya, kisha likawaelekeza Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie za Ulaya mpaka takwimu zao zipatikane. Mwaka 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliwashauri watu wazima wenye BMI chini ya 35 wahakikishe kiuno hakifiki nusu ya kimo. Mama wa Mweiga wa sentimita 157 angekoma kwenye 78.5, na angeweza kujipima kwa uzi akiwa kibandani pake.

Mwongozo huo huo wa NICE ulifanya jambo ambalo Kenya haijafanya. Kwa watu wenye asili ya Afrika, na pia ya Asia na Mashariki ya Kati, ulishusha mipaka hadi 23 na 27.5. Utafiti wa mwaka mmoja kabla, uliotumia kumbukumbu za karibu watu milioni moja na nusu wa Uingereza, ulikuwa umeona kwamba hatari ya kisukari ambayo Mzungu huipata kwenye 30, mtu mweusi huipata kwenye 28.1. Wamarekani, kwa miaka mingi, wameripoti kinyume chake: kwamba mwanamke mweusi wa BMI fulani ana mafuta machache ndani ya tumbo kuliko Mzungu wa BMI hiyo hiyo. Pande zote mbili zinazungumzia kundi linaloitwa kwa jina moja, na katika kundi hilo amewekwa Mkikuyu, Mmasai, Mnigeria na Mjamaika.

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuajiri wauguzi wa Kenya katika hospitali za Uingereza. Muuguzi kutoka Kieni mwenye mita 1.65 na kilo 65 ana BMI ya 23.9. Akipimwa nyumbani kabla ya safari, ni wa kawaida, na hakuna atakayemwambia lolote. Akijiandikisha kwa daktari wake wa kwanza huko Leeds wiki chache baadaye, akiwa na kilo zile zile, ataandikwa kuwa uzito wake umezidi na atashauriwa apimwe sukari.